Nakala Milioni 3.7 na Viti Saba: Kisa cha Kundi la Wachezaji Malindi

Kundi la wachezaji saba wa Malindi lilikopa shilingi 38,220 kwa kutegemea habari ya mauzo ya gemu. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, na hesabu ya mkopo haikuwa na kosa hata la shilingi. Tatizo ni kwamba habari ile ilijibu swali ambalo wao hawakuwa na haja nalo, na lile walilolihitaji hakuna aliyeliuliza. Majina, mtaa na jina la saiba (chumba cha intaneti cha kulipia) walikochezea vimeondolewa. Watu watatu watatajwa kwa kazi zao: nahodha, aliyeongoza kundi ndani ya gemu, mhasibu, aliyeshika daftari la chama, na mwenye saiba, ambaye vijana wote walimwita Ami.

Usuli

Gemu ni World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004 na ambayo huchezwa kwa kulipia usajili. Kila baada ya miaka miwili hivi hutolewa upanuzi: ardhi mpya, mabosi wapya, ngazi mpya. Upanuzi hununuliwa mara moja, usajili hulipwa daima. Malipo haya mawili ni vitu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyolivuruga kundi hili.

Watano kati ya saba hawakuwa na kompyuta ya kuhimili gemu, wakicheza kwa Ami kwa shilingi 60 kwa saa. Wawili walikuwa na laptopu nyumbani. Akaunti zote zilikuwa za seva ya Ulaya, na pingi, yaani muda wa ishara kwenda seva na kurudi, ilikaa kati ya milisekunde 160 na 190, kwa kuwa intaneti ya pwani hushuka Mombasa, ikaingia kwenye kebo ya baharini na kupanda hadi Ulaya. Kwa gemu ya aina hii pingi hiyo inachezeka.

Upanuzi waliousubiri ni Shadowlands. Ulipangwa kutoka mwishoni mwa Oktoba 2020, ukaahirishwa, ukafunguliwa 24 Novemba kwa saa zetu, saa nane usiku. Tangu 11 Agosti chama kilikuwa kikikusanya shilingi 500 kwa kila mtu kila Jumanne. Wiki kumi na sita zikaleta 56,000. Yuro ilikuwa kama shilingi 130, kwa hiyo upanuzi wa yuro 39.99 ulifika 5,200 kwa mtu, na mwezi mmoja wa usajili, yuro 12.99, ulifika 1,690. Kwa watu saba: 36,400 ya upanuzi na 11,830 ya mwezi wa kwanza. Zikabaki 7,770.

Gemu ilihitaji nafasi ya takriban GB 100. Walipakua mara moja kwenye mashine moja usiku, kisha wakanakili folda nzima kwenda mashine nyingine nne kupitia waya wa ndani wa saiba. Ukifanya hivi, funga kwanza gemu pamoja na programu yake ya kufungulia pande zote mbili, la sivyo baadhi ya mafaili hukataa kunakiliwa. Kisha ielekeze programu ile kwenye folda mpya: itakagua, na itapakua kilichopungua tu. Kwa Ami kazi hii ilimalizika kwa siku moja na bando halikuguswa tena.

Mjadala

Tarehe 8 Desemba kampuni ya Blizzard ya Marekani, inayotengeneza gemu hii, ilitangaza kwamba Shadowlands iliuza zaidi ya nakala milioni 3.7 kufikia mwisho wa siku ya kwanza. Habari ilifika saiba siku ya pili, na kwa wiki mbili ikawa ndiyo mazungumzo.

Nahodha alishika tangazo lile kama mtu aliyeshika hati ya shamba. Alikuwa na mfululizo wake wa panuzi zilizopita: The Burning Crusade mwaka 2007, karibu milioni 2.4 kwa siku moja. Wrath of the Lich King mwaka 2008, milioni 2.8, Cataclysm mwaka 2010, milioni 3.3, Battle for Azeroth mwaka 2018, milioni 3.4, na sasa 3.7. Mstari unapanda, gemu inakua, tulipe miezi sita.

Mhasibu alikuja na mfululizo wake, wa walipaji wa usajili. Kilele kilikuwa milioni 12 Oktoba 2010. Warlords of Draenor ilipotoka Novemba 2014 walipaji walivuka milioni 10. Mwisho wa Machi 2015 walikuwa milioni 7.1, mwisho wa Juni 5.6, mwisho wa Septemba 5.5. Novemba ile kampuni ikasema haitatangaza tena idadi ya walipaji. Kwake, anayeficha hesabu ana hasara ya kuficha: gemu inakufa, tulipe mwezi kwa mwezi.

Namba zote walizotaja zilikuwa sahihi. Ndiyo maana mjadala haukwisha.

Kila namba inahesabu nini

Nakala za siku ya kwanza huhesabu ununuzi, tena ununuzi uliorundikwa. Shadowlands ilianza kuuzwa kabla ya kutoka, tangu Novemba 2019, na kila aliyelipa katika miezi ile kumi na miwili aliingia kwenye hesabu ya siku moja. Mwaka 2007 watu walipanga foleni madukani kununua boksi, na wengi walilipata wiki ya pili au ya tatu. Ukiweka 2.4 ya mwaka ule kando ya 3.7 ya mwaka 2020, unapima pia jinsi uuzaji ulivyohama kutoka rafu ya duka kwenda kitufe cha skrini. Tena nakala hufungwa kwenye akaunti, na mtu mmoja anaweza kuwa na akaunti tatu.

Walipaji ni hesabu nyingine kabisa. Maana ambayo kampuni yenyewe iliitumia wakati ikitangaza ilikuwa hii: aliyelipia ada, mwenye kadi ya malipo ya kabla ambayo haijaisha, aliyenunua gemu na bado yumo katika mwezi wake wa bure, na mchezaji wa vyumba vya intaneti aliyeingia ndani ya siku thelathini zilizopita. Ofa za bure na kadi zilizokwisha muda hazikuhesabiwa. Hicho kipengele cha vyumba vya intaneti kilibeba watu wengi sana, kwa sababu nchini China wengi walilipia saa badala ya mwezi.

Tangu Julai 2018 usajili pekee unafungua gemu ya msingi na panuzi za zamani, na tangu Agosti 2019 usajili huohuo unafungua pia Classic, yaani gemu kama ilivyokuwa mwanzoni. Kwa hiyo mwaka 2020 mtu aliweza kuwa mlipaji bila kununua Shadowlands, na aliweza kununua Shadowlands na kuacha kulipa baada ya mwezi. Mlipaji wa Classic hakukuti kwenye reidi yako, yaani pambano la kundi kubwa dhidi ya mabosi. Yuko kwenye seva nyingine.

Tangazo la 8 Desemba lilikuwa na sentensi ya pili, ambayo nahodha aliisoma kwa sauti na hakuna aliyeichambua. Ilisema kwamba idadi ya wachezaji walio kwenye usajili wa mwezi au zaidi ilikuwa ya juu kuliko katika kipindi kama hicho cha upanuzi wowote wa miaka kumi iliyopita. Sentensi kama hii isomwe kipande kwa kipande. "Usajili wa mwezi au zaidi" inawaacha nje waliolipia saa, ambao zamani walikuwa sehemu kubwa ya hesabu. "Kipindi kama hicho" inalinganisha miezi ya uzinduzi na miezi ya uzinduzi, na haigusi kitakachotokea mwezi wa tano. "Miaka kumi iliyopita" inaanzia Desemba 2010, na kilele cha milioni 12 kilikuwa Oktoba 2010. Sentensi ni ya kweli. Lakini mtu akitoka nayo akiamini kwamba walipaji wamerudi milioni 12, amejiongezea mwenyewe.

Februari 2021 mwanachama mmoja alileta namba ya tatu: watumiaji milioni 29 kwa mwezi. Furaha ilikuwa kubwa. Namba hiyo ni ya gemu zote za Blizzard kwa pamoja, na mtu anayecheza gemu zao mbili huhesabiwa mara mbili.

Uamuzi wa 22 Desemba

Mwezi wa kwanza ulikuwa unaisha tarehe 24. Chama kilikuwa na 21,770. Mezani paliwekwa njia mbili.

Njia ya mwezi kwa mwezi ilihitaji 11,830, na fedha ilikuwapo. Njia ya miezi sita ilikuwa yuro 65.94 kwa mtu, yaani 8,570, jumla 59,990. Pengo la 38,220 Ami alikubali kulijaza bila riba, alipwe 3,500 kila Jumanne. Alikuwa na sababu njema: mashine zake tano zingekuwa na watu hadi Juni. Faida kwa kundi ilikuwa 1,570 kwa kila mtu, jumla 10,990.

Kura zilikuwa tano kwa mbili. Mhasibu alishindwa, na neno alilowaambia wenzake limebaki kwenye daftari kwa mwandiko wake: "Ami anatukopesha sisi, hakopeshi milioni tatu."

Ukiuliza kwa nini watano walikubali, jibu ni moja. Waliamini kwamba gemu yenye wanunuzi wengi kiasi kile haitakosa watu wa kucheza nao.

Kilichofuata

Reidi ya kwanza, Castle Nathria, ilifunguliwa Ulaya 9 Desemba. Vikundi vingi vya seva ile vilianza reidi saa mbili usiku kwa saa za Ulaya ya kati. Wakati wa baridi saa hizo ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, kwa hiyo saa mbili yao ilikuwa saa nne usiku Malindi.

Saa nne usiku ndiyo kafyu ya korona ilipoanza. Tangu 4 Novemba 2020 Kenya nzima ilitakiwa kuwa ndani kutoka saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Ami alifunga saa tatu unusu ili watu wawahi kufika makwao. Watano wa saiba walikuwa wakizima mashine nusu saa kabla wenzao wa Ulaya hawajaanza kukusanyika.

Walijaribu kucheza alasiri. Saa tisa alasiri ya Malindi ni saa saba mchana huko, siku za kazi. Mmoja wa wenye laptopu alihesabu vikundi vya Castle Nathria vilivyokuwa vikitafuta watu kwenye orodha ya gemu siku tatu mfululizo za Januari: saa kumi na mbili jioni alikuta kati ya tisa na kumi na vinne, saa tano usiku orodha ilijaa hadi mwisho wa kinachoonyeshwa. Vile vichache vya jioni vilitaka watu waliokwisha kumwua bosi wa mwisho. Vijana wa saiba hawakuwa wamemwua, kwa sababu hawakupata saa ya kumwua.

Kufikia katikati ya Februari watatu waliacha, na walipoacha gemu waliacha na mchango. Deni lilikuwa limebaki 10,220. Wanne waliosalia wakawa wanaleta 2,000 kwa wiki badala ya 3,500, na deni ambalo lingemalizika 9 Machi likaburuzika hadi 30 Machi, shilingi 220 za mwisho zikitolewa na mhasibu mfukoni mwake. Maneno yalikuwa makali. Vijana wawili waliokua pamoja hawakusemezana kwa miezi.

Tarehe 28 Machi Ulaya ilisogeza saa mbele, na reidi ya saa mbili ikawa saa tatu usiku kwetu. Nusu saa ya kucheza, kisha Ami anafunga. Katikati ya Aprili Ramadhani iliingia: magharibi ni futari, baada ya isha ni tarawehe. Wawili wa mwisho wa saiba wakaacha.

Waliobaki hadi usajili ulipoisha 24 Juni walikuwa wawili, na ni walewale wenye laptopu nyumbani. Reidi mpya haikuwa imetoka bado. Sasisho kubwa la kwanza la upanuzi ule, 9.1, lilifika Ulaya 30 Juni, zaidi ya miezi saba baada ya uzinduzi na siku sita baada ya usajili wao kuisha.

Kwa hesabu: watatu walitumia kama miezi miwili, wawili kama minne, wawili yote sita. Jumla miezi 26 kati ya 42 iliyolipiwa. Miezi 26 kwa bei ya mwezi mmoja mmoja ni 43,940. Walilipa 59,990. Walikimbilia faida ya 10,990 wakapata hasara ya 16,050. Ami alirudishiwa mkopo wote, lakini kuanzia Aprili mashine zake tano zilikuwa wazi.

Uchambuzi

Mambo ya ufundi yalikwenda vizuri. Kupakua mara moja na kunakili kuliokoa bando. Daftari lilikuwa safi, kila Jumanne na tarehe yake, na bila daftari lile kisa hiki kisingeweza kuandikwa. Kulipa mwezi mmoja tu wa kwanza kulikuwa uamuzi bora kuliko yote: kuliwapa siku thelathini za kujionea. Walikuwa na siku hizo na hawakuzitumia kujionea, walizitumia kubishana kuhusu milioni.

Nahodha alikuwa sahihi kwamba gemu haifi. Mhasibu alikosea alipofanya ukimya wa kampuni kuwa ushahidi wa kifo. Ukimya ulianza 2015 na tangu hapo panuzi tatu zilitoka. Hata hivyo kura ya mhasibu ndiyo iliyokuwa ya haki kwa kundi. Hili lisisitizwe, kwa sababu baadaye watu walisema mhasibu "alijua". Hakujua. Sababu yake ilikuwa mbovu kama ya nahodha, na angeweza kuitumia kupinga siku ambayo kulipa mapema kungefaa.

Katika namba zake kulikuwa na moja ambayo ingewafaa, akaipita. Kutoka zaidi ya milioni 10 Novemba 2014 hadi milioni 7.1 Machi 2015 ni karibu watatu katika kila kumi walioondoka kabla ya mwezi wa tano. Hiyo haisemi gemu inakufa; inasema wanaokuja na upanuzi wengi wao huondoka mapema. Kwa watu saba ni wawili. Hata kama kusingekuwa na kafyu, kundi lilipaswa kutarajia viti viwili vitupu kufikia Aprili, na kuamua kabla ya kukopa nani atalipa deni la aliyeondoka. Makubaliano na Ami hayakuwa na neno hata moja kuhusu hilo.

Punguzo nalo halikupimwa. Gawanya 8,570 kwa 1,690 unapata 5.07. Maana yake, anayelipa miezi sita hapati faida mpaka acheze zaidi ya miezi mitano. Mwalimu anayejua ratiba yake ya muhula anaweza kuahidi hivyo. Kijana anayetegemea kiti cha saiba, stima ya mtaa na amri ya serikali hawezi.

Swali lililohitajika ni hili: kwenye seva yetu, katika saa tunazoweza kukaa kitini, kuna watu wangapi wa kucheza nao? Hakuna tangazo la kampuni linaloweza kulijibu, na jibu lake hupatikana bure. Ndani ya gemu andika amri ya /who ukifuatanisha na ngazi, kwa mfano 60 wakati ule. Jibu hukomea watu 50, basi likifika 50 usiandike 50. Gawanya kwa aina ya mhusika, hesabu kila aina, jumlisha. Fanya hivyo katika saa tatu: saa ya kuanza kucheza, saa ya katikati na saa ya kuondoka, siku mbili za kazi na siku moja ya wikendi. Halafu fungua orodha ya vikundi vinavyotafuta watu na uhesabu vile vinavyokubali mtu wa kiwango chako, sio vyote. Hesabu ya Januari ilifanywa hivyohivyo na ilichukua dakika ishirini kwa siku. Ingefanywa katikati ya Desemba, ingeonyesha pengo lilelile kati ya jioni na usiku.

Pembeni ya hesabu hiyo iwekwe kalenda: saa za kufunga saiba, tarehe za Ulaya kubadilisha saa (Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba), Ramadhani, mitihani. Kila mmoja wao alizijua tarehe hizi. Mwandamo wa Ramadhani hauna mtu wa Malindi asiyeuhesabu. Hazikuletwa mezani kwa kuwa mazungumzo yalikuwa ya Marekani na milioni zake.

Na kulikuwa na njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja tarehe 22: usajili wa miezi mitatu, yuro 35.97, kama 4,680 kwa mtu. Kwa saba ni 32,760. Mkopo ungekuwa 10,990 badala ya 38,220, na kwa 3,500 kila Jumanne ungelipwa wote kufikia 19 Januari, wakati wote saba walikuwa bado wanakuja.